Mwenzangu mpya kila mara yuko likizo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nimeshika daftari la likizo kwa miaka mingi, kwanza la karatasi, baadaye la kompyuta, na maswali yaliyo hapa ni yale yale ambayo watu huja nayo mezani kwangu. Wengi hurudishia mlango kwanza, kisha huanza na "Sitaki kumchongea mtu, ila..." Majibu yanamlenga zaidi aliyebaki kazini, yule anayepokea simu za mwenzake. Msimamizi na huyo mgeni mwenyewe wana maswali yao kuelekea mwisho.

## Ya msingi

1. Ana miezi mitatu tu hapa na tayari ameshachukua likizo mara nne. Inawezekanaje?

Inawezekana kwa njia kadhaa, na nyingi huwezi kuziona ukiwa mezani kwako.

Sehemu nyingi siku za likizo hujikusanya mwezi kwa mwezi. Mwenye siku 21 kwa mwaka huingiza siku 1.75 kila mwezi, kwa hiyo miezi mitatu inampa siku tano na robo. Kama kanuni za ofisi zinaruhusu kuzitumia kadiri zinavyoingia, anaweza kuomba Ijumaa moja moja mara nne na bado akabaki na salio.

Au alishakubaliana na mwajiri kabla ya kusaini. Hili ni la kawaida kuliko watu wanavyodhani. Mtu anafanya usaili, anapewa kazi, anasema: mwezi wa tano nina harusi ya mdogo wangu na tiketi nimeshakata. Mwajiri anayemtaka anakubali, linaandikwa kwenye barua ya ajira, na ninyi wengine hamwambiwi kitu. Siku ikifika mnaona tu kiti kitupu.

Au amekopeshwa. Wapo waajiri wanaomruhusu mtu atangulize siku ambazo hajazifanyia kazi, kwa makubaliano kwamba akiacha kazi mapema zitakatwa kwenye malipo yake ya mwisho. Au ni likizo bila malipo, ambayo yeye anailipia kwa mshahara wake na wewe huoni hati yake ya mshahara. Au si likizo ya mwaka kabisa. Tazama swali la 3.

2. Mbona naona kama hayupo kila wakati, ilhali tunapewa siku sawa?

Kwa sababu jicho huhesabu mara, halihesabu siku. Chukua siku 21 za kazi, wiki ya siku tano. Ukizichukua kwa mkupuo ni wiki nne na siku moja: unaondoka mara moja, watu wanakuaga, unarudi, yamekwisha. Ukizichukua moja moja unakosekana mara 21 ndani ya wiki 52, yaani karibu kila baada ya wiki mbili na nusu. Na zote zikiwa Ijumaa na Jumatatu, hakuna atakayekuamini ukisema una siku 21 kama wengine.

Kuna kaka mmoja alikuja kwangu akiapa kwamba mwenzake mpya "amekula kama siku thelathini." Tukafungua daftari pamoja. Mwenzake alikuwa na siku tisa, kwa vipande saba. Yeye mwenyewe mwaka huo alikuwa ameshachukua kumi na nne, zote kwa pamoja. Alinyamaza kidogo, halafu akasema jambo ambalo sijalisahau: "Basi mbona mimi nikiondoka kazi hazimwangukii mtu, na yeye akiondoka zinaniangukia mimi?"

Hapo ndipo penyewe. Likizo ya wiki tatu hupangiwa mtu wa kukaimu. Msimamizi anaiona inakuja, anagawa kazi, anaandika barua. Ijumaa moja haipangiwi mtu. Kila mmoja anadhani siku moja itapita yenyewe, na kazi ya siku hiyo inamwangukia aliyekaa karibu. Baadhi ya waajiri wanaopima kukosekana kwa ugonjwa hutumia kipimo kiitwacho Bradford: idadi ya mara zidisha kwa idadi hiyo hiyo ya mara, kisha zidisha kwa jumla ya siku. Siku kumi kwa mkupuo mmoja zinatoa 10. Siku kumi kwa mara kumi zinatoa 1,000. Kipimo hicho si cha likizo ya mwaka na usimtolee mtu hesabu hiyo, lakini wazo lililo ndani yake utalikubali kama umewahi kushika meza mbili siku ya Ijumaa.

3. Nitajuaje kama ni likizo ya mwaka kweli?

Mara nyingi hutajua, na hupaswi kujua. Ubaoni au kwenye kalenda ya ofisi huandikwa "hayupo" au "likizo" kwa kila kitu: kliniki ya uzazi, matibabu yenye tarehe maalum, msiba, mtihani, kesi mahakamani, mtoto mwenye uangalizi wa pekee. Msimamizi akikwambia "hilo ni kati yangu na yeye," hajakufokea. Taarifa za afya na familia za mtumishi ni siri yake, kama zako zilivyo zako.

Wapo pia walioajiriwa kwa siku nne za wiki, au kwa saa pungufu. Nimeona ofisi nzima ikimnunia mtu miezi miwili kwa "kutega Jumatano," kumbe mkataba wake hauna Jumatano.

4. Nina haki ya kukasirika lakini?

Unayo. Ila angalia hasira imetokea wapi, maana dawa inategemea hapo.

Ni Ijumaa, saa kumi kasoro robo. Ameshazima kompyuta na kuondoka. Juu ya kibodi yako kuna kikaratasi cha manjano: "Yule mteja wa mkataba atapiga, mwambie Jumanne." Huna jina la mteja. Hujui mkataba upi. Simu inalia saa kumi na dakika tano, na mteja ameshaambiwa kwamba wewe ndiye utakayemsaidia. Hasira ya dakika ile ni halali kabisa, na haihusu likizo. Inahusu makabidhiano (swali la 8).

Kuna hasira nyingine, ya kumwona mtu anapumzika wakati wewe hujapumzika. Hiyo nayo ni ya kweli, lakini dawa yake haiko kwenye fomu ya mwenzako, iko kwenye ya kwako. Ruka hadi swali la 13.

## Sheria na mkataba

5. Mfanyakazi mpya anastahili likizo tangu lini?

Inategemea nchi, kisha mkataba. Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la 1948, kifungu cha 24, linataja likizo za vipindi zenye malipo kama haki ya kila mtu. Shirika la Kazi Duniani, katika Mkataba wake namba 132 wa 1970, liliweka kiwango cha chini cha wiki tatu za kazi kwa mwaka, na likasema mtu asisubirishwe zaidi ya miezi sita kabla ya kustahili.

Sheria za nchi zimekwenda kila moja kwa njia yake. Kenya, kwa Sheria ya Ajira ya 2007, inatoa siku zisizopungua 21 za kazi kwa kila miezi 12 ya utumishi. Tanzania inatoa siku 28 mfululizo, zikihesabiwa pamoja na sikukuu zitakazoangukia humo, na kwa kawaida mwenye utumishi chini ya miezi sita hawezi kudai likizo hiyo kisheria. Uganda inahesabu siku saba kwa kila miezi minne. Uingereza inatoa wiki 5.6 kwa mwaka, na siku huanza kujikusanya tangu siku ya kwanza ya kazi. Ujerumani haki kamili huja baada ya miezi sita. Marekani hakuna sheria ya shirikisho inayomlazimisha mwajiri binafsi kutoa likizo ya mwaka yenye malipo. Huko mkataba ndio unaosema.

Hivyo ni viwango vya chini. Mwajiri akitaka kutoa zaidi, au mapema zaidi, hakuna sheria inayomzuia. Kwa hiyo "sheria inasema asubiri" mara nyingi si hoja, kama mwajiri mwenyewe ameshamruhusu.

6. Yupo kwenye muda wa majaribio. Hilo halimzuii?

Muda wa majaribio unahusu kama atathibitishwa kazini. Siku zake, pale zinapojikusanya, zinaendelea kujikusanya. Waajiri wengi hawapendi likizo ndefu kipindi hicho kwa sababu wanataka kumwona mtu akifanya kazi, na wengine wameandika hivyo kwenye kanuni za utumishi. Kama zenu hazijaandika, basi ni desturi tu, na mtu mpya hawezi kulaumiwa kwa kutoijua desturi ambayo hakuambiwa.

Kuna wanaopenda kusema "mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe." Sawa, apewe jembe. Lakini mwenye jembe naye hupumzika, na siku zake za kupumzika zimo kwenye mkataba ule ule uliompa jembe.

7. Nani hasa anaamua tarehe: mfanyakazi au mwajiri?

Katika nchi nyingi neno la mwisho ni la mwajiri, ila anatakiwa kumsikiliza mfanyakazi. Mkataba namba 132 unasema mwajiri apange wakati baada ya kushauriana naye, akipima mahitaji ya kazi pamoja na nafasi ya mtu kupumzika. Unasema pia kwamba likizo ikigawanywa, angalau kipande kimoja kiwe cha wiki mbili bila kukatizwa, isipokuwa pande mbili zikikubaliana vingine.

Maana yake kwako ni hii: kila siku aliyoichukua mwenzako kuna mtu aliyeipitisha. Fomu ina mistari miwili ya sahihi. Ukimlaumu wa mstari wa kwanza peke yake, umemwacha nje wa mstari wa pili, na huyo ndiye mwenye uwezo wa kubadilisha kitu.

## Kazi inapokuangukia

8. Anaondoka bila kukabidhi. Nifanye nini?

Omba makabidhiano kabla hajaondoka, na omba kwa maandishi mafupi. Ukurasa mmoja unatosha: kazi zilizo wazi, nani atapiga simu na anataka nini, faili iko wapi, kipi kinaweza kusubiri hadi arudi na kipi hakiwezi. Mtu mpya mara nyingi hajui kwamba ofisini kwenu jambo hili hufanyika, hasa kama alikotoka kila mmoja alikuwa na wateja wake. Mpe mfano wa makabidhiano yako mwenyewe. Ukigundua hujawahi kuandika hata moja, nawe umejifunza kitu.

Jambo dogo linalosahauliwa ni ule ujumbe wa baruapepe unaojijibu wenyewe. Usome. Nimeona watu wakitajwa humo kama washika nafasi kwa wiki mbili bila kuulizwa. Ukikuta jina lako, na hukukubali, mwandikie msimamizi siku hiyo hiyo. Usisubiri malalamiko ya wateja yafike thelathini.

9. Nimwambie bosi? Naogopa kuonekana mchongezi.

Utaonekana mchongezi ukienda na siku zake. Nenda na kazi zako. Kati ya yote yaliyo hapa, hili ndilo ningependa mtu aondoke nalo hata asipokumbuka mengine: siku ni zake, hazikuhusu, lakini kazi iliyokuangukia ni mali yako kabisa, na unaweza kuihesabu, kuitaja tarehe na kuiuliza.

Linganisha. Mmoja anasema: "Huyu dada mpya yuko likizo kila wiki, sisi wengine tunaumia." Msimamizi anasikia wivu, na ataishia kumtetea kwa sababu likizo ni yeye aliyeipitisha. Mwingine anasema: "Mwezi uliopita nilishika meza ya mapokezi ya maombi Ijumaa tatu, pamoja na yangu. Tarehe 12 ripoti yangu ilichelewa siku mbili kwa sababu hiyo. Naomba tuelewane: meza ile ikikosa mtu, nani anaishika? Na kama ni mimi, kipi katika kazi zangu kisubiri?" Hapo hakuna aliyesemwa vibaya, na msimamizi amebaki na swali ambalo lazima alijibu.

Andika kwa wiki tatu au nne kabla ya kwenda. Tarehe, kazi, muda uliotumia. Daftari dogo linatosha. Wengine huandika na kugundua kwamba ni saa tatu kwa mwezi, hasira ikapoa yenyewe. Wengine wanagundua ni siku nne, na hapo sasa wana hoja.

10. Si afadhali nizungumze naye mwenyewe kwanza?

Kuhusu makabidhiano, ndiyo, tena mapema, na kwa maneno ya kawaida: "Ukiwa haupo Ijumaa, naomba uniachie orodha, maana juzi nilikwama na yule mteja." Kuhusu idadi ya likizo zake, hapana. Wewe si msimamizi wake. Usimuulize anakwenda wapi wala kwa nini, na usifanye utani wa "karibu, mgeni wetu" anaporudi. Utani huo unachekesha mara moja. Mara ya tatu unaanza kuitwa kwa jina lingine, na aliyeanza kwa kulalamika anajikuta yeye ndiye analalamikiwa.

11. Naweza kukataa kumshikia kazi?

Kama msimamizi amekuagiza na kazi iko ndani ya majukumu yako, kukataa moja kwa moja ni hatari. Unachoweza kufanya ni kuuliza kipi kipungue, kama ilivyo kwenye swali la 9. Kama ni mwenzako tu amekuomba pembeni, bila msimamizi kujua, uko huru kabisa kusema huwezi, na ni afadhali useme mapema kuliko kukubali kisha ukaifanya kwa kununa.

12. Nastahili posho ya kukaimu?

Kukaimu rasmi, kwa barua na kwa muda maalum, mara nyingi kuna posho, hasa ukishika cheo cha juu yako. Soma kanuni za utumishi za kwenu. Kumpokelea mtu simu siku moja moja hakuna malipo popote ninapofahamu. Ila saa za ziada ni saa za ziada. Kama Ijumaa zake zinakubakiza ofisini hadi usiku, ziandike kama saa za ziada.

## Likizo yako wewe

13. Mimi sijachukua likizo mwaka wa pili huu, na yeye...

Samahani nikukatize hapo, kwa sababu swali hili huja na sauti ya kujivunia. Mtu analalamika likizo za mwenzake, nafungua ukurasa wake mwenyewe, nakuta siku arobaini na kitu zimelala. Likizo usiyochukua haikupi cheo, na mara nyingi haikai milele. Kenya, kwa mfano, sehemu iliyobaki ya likizo inatakiwa ichukuliwe ndani ya miezi 18 tangu kipindi kilichoizaa kiishe. Kanuni nyingi za ofisi zinaruhusu kuhamisha siku chache tu kwenda mwaka unaofuata, nyingine zinapotea.

Usitegemee pia kwamba utalipwa fedha badala yake. Katika Umoja wa Ulaya zile wiki nne za chini haziwezi kubadilishwa kuwa fedha isipokuwa mtu anapoacha kazi, na sababu yake ni wazi: walitaka watu wapumzike, si wauze mapumziko. Japani, ambako watu walikuwa wanaziacha siku zao kwa kuona haya mbele ya wenzao, tangu Aprili 2019 mwajiri anabanwa na sheria kuhakikisha mwenye siku 10 au zaidi anachukua angalau tano.

Kwa hiyo jaza fomu. Leo, kabla ya kumaliza kusoma ukurasa huu ikibidi. Mwenzako mpya huenda hajafanya kosa lolote zaidi ya kufungua kalenda kabla yako.

14. Amewahi zile wiki za mwisho wa mwaka ambazo kila mtu anazitaka. Huo si uroho?

Kama utaratibu wenu ni wa anayewahi kupewa, amefuata utaratibu. Utaratibu huo huwapendelea wasio na watoto wa shule, wenye kupanga mapema, na wageni ambao hawajui nani "huwa" anachukua wiki zipi. Ofisi nyingi hutumia mzunguko: aliyepata mwaka huu anawapisha wengine mwakani. Nyingine hukusanya maombi yote hadi tarehe fulani, kisha wanayapanga kwa pamoja. Pendekeza moja ya hizo mwanzoni mwa mwaka, wakati hakuna anayegombania kitu. Ukipendekeza mwezi wa kumi na moja, kila mtu atajua unamlenga nani.

Mwenye miaka mingi kutangulia kuchagua ni desturi ya sehemu nyingi, na si mbaya. Lakini iandikwe. Desturi isiyoandikwa humnasa mgeni kila mwaka.

## Mambo yasiyo ya kila siku

15. Alisema anaumwa, kisha nikaona picha yake akiwa ufukweni.

Huenda ni picha ya zamani. Huenda daktari alimwambia apumzike popote, maana si kila ugonjwa unamlaza mtu kitandani. Huenda kweli ametega. Wewe huna njia ya kujua ni lipi, na ukiipeleka picha kwa msimamizi utakuwa umefanya kazi ya upelelezi ambayo hukuajiriwa kuifanya. Kukosekana kwa ugonjwa kuna utaratibu wake wa vyeti na mahojiano, na unamhusu msimamizi. Kama kazi yake ilikuangukia siku ile, irekodi kama kawaida.

16. Ni ndugu wa bosi, ndiyo maana anaruhusiwa.

Inawezekana. Njia pekee ya kulishika jambo hilo bila kuumia ni kuomba kitu kile kile. Omba Ijumaa kwa masharti yale yale, kwa fomu ile ile. Ukipewa, umejua kwamba upendeleo ulikuwa mdogo kuliko ulivyodhani. Ukinyimwa kwa sababu ambayo yeye haikumgusa, omba sababu hiyo kwa maandishi, na sasa una malalamiko yako mwenyewe ya kupeleka utumishi au chama cha wafanyakazi, bila kumtaja ndugu wa mtu yeyote.

17. Naweza kumpigia akiwa likizo?

Mara moja, kwa jambo ambalo bila yeye litaleta hasara, na baada ya kujaribu kwingine. Ukijikuta unampigia kila likizo, tatizo limerudi kwenye swali la 8. Na usimpigie kwa kumkomoa, ili naye "aonje." Watu hufanya hivyo. Anayepigiwa hujua.

18. Mimi ndiye msimamizi. Timu inanung'unika, nifanye nini?

Kwanza usimwite huyo mpya. Fungua kalenda. Kama ulipitisha siku zote hizo bila kupanga nani atashika meza, manung'uniko ni yako.

Weka utaratibu unaowagusa wote: idadi ya watu wanaoweza kukosekana siku moja, vipindi ambavyo likizo haitolewi, kama vile kufunga hesabu, na jina la mshika nafasi kwenye kila fomu, hata ya siku moja, likiwa na sahihi ya huyo mshika nafasi. Huo mstari mmoja wa sahihi unaondoa nusu ya kelele, kwa sababu aliyebaki ameulizwa. Unaweza pia kuweka kikomo cha vipande ambavyo likizo inaweza kugawanywa, kama sheria ya nchi na mkataba vinaruhusu. Halafu waambie timu kwamba mwenzao alikuwa na makubaliano kabla ya kuajiriwa, kama yeye hajali wajue. Muulize kwanza.

19. Mimi ndiye huyo mpya, na nimeanza kuona watu wananinunia.

Huna haja ya kueleza unakwenda wapi. Ila kuna vitu viwili vitakusaidia. Tangaza tarehe zako mapema, hata zile zilizokubaliwa kwenye usaili, kwa sababu wenzako hawakuwepo kwenye usaili. Na acha makabidhiano ya kueleweka, siyo kikaratasi cha manjano. Ukirudi, muulize aliyekushikia ni kipi kilimsumbua, kisha na wewe mshikie yake bila kungoja uombwe. Kama siku zako unazitaka kwa vipande, jaribu zisiwe Ijumaa zote. Jumatano hainuniwi na mtu.

20. Ametoa notisi ya kuacha kazi na anataka kumalizia siku zake zote zilizobaki. Ina maana hatumwoni tena?

Huenda. Siku alizozifanyia kazi ni zake, na akiondoka kabla ya kuzitumia kwa kawaida hulipwa. Baadhi ya waajiri huruhusu zitumike ndani ya notisi, wengine hutaka afanye kazi hadi siku ya mwisho kisha alipwe. Angalia mkataba na sheria ya nchi, maana kuna kwingine likizo na notisi haviruhusiwi kwenda pamoja. Kama alikuwa ametanguliza siku zaidi ya alizojikusanyia, hesabu hugeuka na yeye ndiye anayedaiwa.

Kwako linalobaki ni makabidhiano, safari hii ya meza nzima. Omba yafanyike kabla hajaanza kuhesabu hizo siku, na umwombe akuonyeshe faili kwa mkono, ukiwa umekaa pembeni yake: nywila za kazi zinakabidhiwa kwa nani, mikataba iko kabati gani, na yule mteja wa Jumanne anaitwa nani.